Prof Aliyekimbia Rezo

Kwetu, muntu akitaka rezo anapanda mulima. Kuna kona moja juu ya kanisa, penye mikaratusi, ambapo simu inashika vizuri, na kila jioni utakuta nusu ya kijiji iko pale. Wasichana wanangojea picha zifunguke, wachuuzi wanauliza bei ya maharagi Goma, mama fulani ananyanyua simu juu kama vile anamuonyesha Mungu. Muntu mumoja tu njo alikuwa anashuka wakati wengine wanapanda: Prof wetu wa informatique, somo la kompyuta.

Mimi hilo lilinisumbua tangu mwanzo. Huyu njo alituambia mu kalasi kwamba dunia nzima imeunganishwa. Huyu njo aliandika ku ubao neno internet na akalipigia mustari chini. Halafu simu yake mwenyewe ilikuwa mode avion, ile ya ndege inayozima rezo, asubuhi mpaka jua kuzama. Ukimutafuta, unatuma mutoto kwa miguu.

Siku moja mama mujane alimuomba amusaidie kupata sauti ya kijana wake aliye mbali. Prof hakuweza kukataa. Wajane hakuwakatalia kitu. Tukapanda naye, mimi na rafiki yangu Furaha. Alipotoa mode avion, simu ikaanza kulia: ti, ti, ti, ti, kama mahindi kwenye sufuria. Yeye aliangalia mawingu mpaka ikanyamaza.

Furaha, ambaye hana haya hata kidogo, akamuambia: "Prof, kumbe uko na mabibi wengi hivi!"

"Bibi ni mumoja tu, dada. Anaitwa Benki."

Watu wakacheka mpaka chini. Tangu pale, kwetu muntu akijificha kwa sababu ya deni, tunasema ameingia mu avion. Hata Padri aliwahi kusema hivyo mu mahubiri. Mimi nilicheka na wengine, lakini nilikuwa karibu naye na niliona kidole gumba chake kinatetemeka juu ya kioo cha simu. Muntu mwenye kufanya muzaha huku kidole kinatetemeka, mimi siwezi kumusahau.

Alikuwa kijana bado. Lazima niseme hivyo, kwa sababu tukisema Prof watu wanafikiri mzee mwenye miwani. Huyu alikuwa mwembamba, shati moja nyeupe na ingine ya bulu, viatu vyenye ncha vya mujini ambavyo matope ya Masisi yalivimaliza polepole, kwanza rangi, nyuma ncha, nyuma soli. Alivishona na uzi wa kamba ya neti ya mbu. Kucha zake zilikuwa safi siku zote. Alisema mashini inachukia uchafu na inachukia kelele, kwa hiyo inafanana na mimi. Mimi alikuwa ananiita Kimya. "Kimya, njoo uonyeshe wengine." Nilikuwa nakwenda na masikio ya moto.

Mashini ilikuwa moja kwa shule nzima, na haikuwa ya shule. Ilikuwa yake. Alikuja nayo kila asubuhi, imefungwa mu kitenge cha mama yake kama mutoto mugongoni, na sola ndogo chini ya mukono. Jua likikosa, na kwetu linakosa mara nyingi, somo linafanyika bila mashini. Kwa hiyo alitufundisha kwa karito, makaratasi magumu ya maboksi. Alikata karito za sabuni, kila mwanafunzi akachora klavye yake na bic, herufi kwa herufi, A kwenye kona ya juu, Z pembeni yake. Tukaweka karito juu ya magoti na yeye akasoma maneno kwa sauti, na sisi tukapiga. Hakuna kitu kilichotokea, bila shaka. Kalasi nzima inagonga karito, to-to-to, kama mvua inayoanza ku manjanja, yale mabati ya nyumba.

"Furaha, umekosea. Umeandika mama na N."

"Prof, umejuaje? Ni karito!"

"Kidole chako kimepita upande wa mulango. M haiko upande wa mulango."

Nilizoea mpaka vidole vyangu vikawa vinapiga vyenyewe, ku meza, ku paja, ku mugongo wa mudogo wangu tukilala. Siku ya kwanza niliyogusa mashini yenyewe, niliandika sentensi nzima bila kuangalia chini. Prof aliinama kusoma kioo. Halafu akasema: "Huyu ameshajua kuendesha, na gari hajawahi kuliona." Sijui kama katika maisha yangu nitasifiwa tena hivyo.

Alikuwa na misemo, na hatukujua ni ya kwake ao aliichukua Goma. Enregistra kwanza, utalia nyuma: yaani hifadhi kazi yako, kwa sababu betri ilikuwa inakufa bila kuaga. Mashini haina haya, ukiikosea inakuambia palepale. Muntu anangojea siku ya arusi yako. Na ingine ambayo alisema polepole, akifuta kioo: kila kitu kina bouton ya kurudi nyuma, isipokuwa sahihi yako.

Ile ya mwisho niliielewa kupitia karata.

Alikuwa na karata ya benki, ya plastiki, bulu, yenye jina lake kwa herufi za kunyanyuka. Hakuna mashini ya kuitumia kutoka kwetu mpaka mbali sana. Lakini Prof alikuwa nayo mu mufuko wa shati kila siku, kwa sababu kwenye kibanda chake cha soko, ambapo alicharji simu, aliandika barua za watu na kutengeneza simu zilizokufa, ile karata njo ilikuwa chombo chake. Aliingiza ncha yake katikati ya simu, akazungusha, simu ikafunguka kama ganda la haragi. Aliitumia tena kukwangua vumbi kati ya herufi za klavye. Ilikuwa imelika pembe zote.

Papa yangu alikuwa pale siku moja kucharji simu yake, akauliza: "Prof, hii si ya kutolea franga?"

"Papa, na mimi nilifikiri ni ya kutolea franga. Kumbe ni ya kuingizia muguu."

Akatueleza, akicheka. Alipokuwa anasoma Goma, alifanya staji, kazi ya kujifunza, mu biro moja, wakamufungulia konti. Kijana wa benki mwenye kravati akamuambia: we ni muntu wa informatique, kesho yako ni ya hakika, na hii karata unaweza kununua leo, ulipe nyuma. Akanunua mashini. Akanunua viatu vyenye ncha. Staji ikaisha. Biro haikumuita tena. Deni halikuwa na staji. Lilikuwa limeajiriwa moja kwa moja. Lilikuwa linakua hata Jumapili, siku ya Mungu, hata yeye akiwa na malaria.

"Na masomo yenyewe nani alilipa?" Papa akauliza.

Hapo Prof akaacha kucheka. Akasema: "Shamba ya mama."

Kila muntu kwetu alijua habari ya ile shamba. Mama wa Prof anakaa kwenye mutelemuko, ngambo ya kamuto, kale kajito, na kutoka ku mulango wake unaiona yote: ardhi nyeusi, nzuri, inayoanza ku jiwe kubwa mpaka ku maji. Aliiweka rehani kwa Mwenye Depo, tajiri wa duka letu kubwa, ili mutoto asome.

Lazima nieleze desturi yetu, kwa sababu bila hiyo Prof haeleweki. Kwetu, ukikosa minerval, franga ya shule, unaenda kwa muntu mwenye franga, unamupa shamba ailime. Hakuna faida ya kila mwezi kama benki. Faida yake ni mavuno. Siku utakaporudisha franga yake, anakurudishia shamba, mbele ya kapita, mukubwa wa kijiji, na mashahidi. Lakini ziko sheria mbili. Ya kwanza: aliyeshika rehani hapandi muti. Muti ni wa mwenye ardhi. Ukipanda karatusi ao avoka mu shamba ya muntu, ni kusema umeichukua. Ya pili: shamba hairudi kama kuna chakula mu udongo. Aliyepanda avune kwanza.

Wazee waliiweka sheria ya pili wakifikiria maharagi. Maharagi yanaiva haraka, unavuna, shamba inabaki wazi, unairudisha. Mwenye Depo hakupanda maharagi. Alipanda mihogo. Na huku kwetu ku baridi, mihogo inakaa mu udongo mpaka mutoto aliyezaliwa ikipandwa anatembea. Aking'oa muti mumoja wa muhogo, anachomeka mwingine palepale. Shamba haikuwa wazi hata siku moja.

Mwenye Depo si muntu mubaya wa kupiga kelele, na hilo njo lilinitisha. Anauza chumvi, manjanja na vinywaji. Ukifika kwake anakutolea kiti, anauliza habari ya watoto kwa majina. Prof alimupelekea franga mara ya kwanza, ile aliyopata kwa wazazi wa shule na kwa kibanda. Mwenye Depo akaipokea kwa macho tu, akasema: "Mutoto wangu, sikukatalii. Iweke. Mihogo ikikomaa utakuja." Franga ikakaa kidogo, benki ikalia mu simu, ikaenda huko. Mara ya pili hivyohivyo.

Mama wa Prof alikuwa analima kwa watu. Na hiki nilikiona kwa macho yangu: alisimama ku mupaka wa shamba yake mwenyewe na kikapu, akimuomba mufanyakazi wa Mwenye Depo ruhusa ya kuchuma sombe. Majani ya muhogo ni ya aliyepanda. Siku ile alipewa. Siku zingine aliambiwa subiri mukubwa arudi. Mbele ya mulango wake kulikuwa muche wa avoka mu kopo la maziwa, umedumaa, mizizi imetoboa bati. Furaha alimuuliza kwa nini asiupande. Mama akasema: "Niupande wapi? Ku kitanda?"

Sasa mutaelewa kwa nini nilikosa usingizi Papa aliposema neno lake.

Ilikuwa baada ya Prof kumuambia kwamba mimi nina vidole. Papa alirudi nyumbani anatembea kama muntu aliyeshinda kesi. Tukiwa tunakula akasema: "Huyu atasoma informatique. Goma. Nimeshazungumuza na Mwenye Depo juu ya shamba ya chini."

Mama yangu akaacha kutafuna. Shamba ya chini njo inatulisha. Ya juu ni mawe na majani ya mbuzi. Mama akasema: "Baba Kimya, na sisi tutakula nini?" Yaani hata nyumbani jina alilonipa Prof lilikuwa limeingia.

"Tutakula akili ya mutoto," Papa akajibu.

 Mimi nikiogopa, sauti inashuka mu tumbo na inalala pale. Na ukweli wote ni huu: nilikuwa nataka. Nilitaka Goma, nilitaka mashini yangu mwenyewe, nilitaka kuwa kama Prof, kucha safi na yote. Na wakati uleule nilikuwa namuona Mama yangu amesimama ku mupaka na kikapu.

Ijumaa Prof akatuambia kila mumoja aandike ku mashini sentensi moja: nikimaliza shule nitafanya nini. Zamu yangu ikafika mwisho, wengine wanakusanya karito zao. Nikaandika: Nitasoma informatique Goma. Papa ataweka shamba ya chini.

Prof alikuwa nyuma yangu.  Hakuuliza kwa mudomo, alinijua. Aliinama, akapiga: Kwa nani?

Nikapiga: Depo.

Akakaa. Inje Furaha alikuwa ananiita, "We Kimya, umelala mu hiyo mashini?" Prof akapiga tena, polepole, kama si yeye aliyetufundisha haraka: Usikubali.

Nililisoma lile neno. Na kabla sijageuka, akaweka kidole ku bouton ya kufuta na akashikilia, herufi zikaondoka moja moja kutoka nyuma, mpaka na sentensi yangu ikaenda, kioo kikabaki cheupe. Akasema kwa sauti ya kila siku: "Vizuri. Nafasi baada ya nukta, usisahau."

Nilimukasirikia sana. Majuma mengi nilimukasirikia. Kama unajua, sema! Kama hutaki kusema, kwa nini uliandika? Nilimuangalia akitufundisha jedwali za Excel kwa ubao na choki, akitabasamu, na nilifikiri: huyu naye anahitaji watoto watake informatique, la sivyo wazazi hawataleta prime yake, ile franga wanayomulipa. Ni mawazo mabaya, lakini niliyawaza.

Maana alikuwa na mambo yasiyopatana, sitaki kumupaka mafuta. Alituambia tusikope hata bic, na yeye alichukua suri mupya, kile kipanya cha mashini, kwa deni kwa muchuuzi wa soko, kwa sababu ilikuwa na taa nyekundu chini. Alicharji simu za wajane bure, halafu siku za njaa aligombana na mutoto wa primaire juu ya franga ndogo ya charji. Aliogopa benki ambayo iko mbali kama mwezi, lakini askari wa barabarani aliwajibu kwa dharau mpaka tukamushika mukono. Alikuwa anasali kwa nguvu na aliamini kabisa kwamba mashini ikikataa kuwaka, kuipulizia pumzi kidogo inasaidia.

Halafu akaondoka. Jumatatu moja hakukuja, Jumanne hakukuja. Mama yake alisema ameenda Walikale, basi. Ku kona ya rezo wakasema mengi. Wengine: amekwenda Bisie kutafuta kazi ya kuchimba mawe ya madini. Wengine: amekimbia deni, ameacha mama yake aliwe. "Sasa ameingia mu avion kweli, ameruka!" Na Papa yangu, aliyemupenda, akawa anasema kwa uchungu: "Ni tabia. Si informatique. Mutoto wangu hana ile tabia." Tarehe ya Mwenye Depo ikawa inakaribia, kwa sababu maharagi yetu ya chini yalikuwa yameanza kukauka, na baada ya kuvuna njo shamba ingekwenda.

Nilikuwa nahesabia majani. Kila asubuhi nilishuka kuangalia kama maharagi yamebadilika kuwa ya njano. Nilikuwa namuomba Mungu mvua, ili yachelewe. Ni nani anaomba maharagi ya nyumbani kwao yachelewe?

Tukavuna. Na siku yenyewe ya mapatano yetu, kapita akatuma muntu kwa Papa: aje kuwa mushahidi ngambo ya kamuto, kwa kuwa shamba yetu na ya mama wa Prof zinagusana ku maji. Prof alikuwa amerudi.

Papa akanibebesha bidon ya kasiksi, pombe ya ndizi ya mashahidi, akaniambia: "Ni vizuri ujionee namna mambo yanafanyika. Tukitoka pale tutapita Depo, tumalize yetu."

Prof alikuwa amesimama kando ya jiwe kubwa. Viatu vyenye ncha vilikuwa vimekufa. Alivaa buti za mupira, na miguu imejaa alama za wadudu wa pori. Alikuwa amefika mpaka Itebero, kule Walikale, kwa miguu, akafungua kibanda pale, charji, barua, simu, akilala kwenye benchi yake, akila muhogo na mafuta ya ngazi, mawese. Alikonda zaidi. Kitenge cha mama yake kilikuwa mugongoni, na mashini ndani. Aliponiona alisema tu: "Kimya." Masikio yangu yakawaka kama zamani.

Franga ilikuwa kamili. Kapita akaikubali. Mwenye Depo, na kofia yake mukononi, akaangalia shamba na kusikitika kabisa, kama muntu aliye kwenye kilio.

"Mutoto wangu, franga ni nzuri. Lakini ona mihogo yangu. Bado."

"Desturi ni desturi," kapita akasema, na yeye hakufurahi. "Aliyepanda avune."

Mama wa Prof akacheka, cheko fupi. "Kapita, angalia vizuri. Mirefu hii ni mizee, ina mbao ndani. Midogo ya katikati ni ya juzi. Mwaka kesho utakuta midogo imekuwa mirefu, na mingine midogo katikati. Mimi nitakufa ikiwa bado."

"Mama, mimi simukimbizi muntu," Mwenye Depo akasema kwa upole. "Nangojea tu."

Papa yangu alikuwa anaangalia chini, ku mizizi. Nilimuona anapitisha macho toka muhogo mumoja mpaka mwingine, mirefu, midogo, mirefu, midogo.

Prof akasema: "Papa wa Depo, hii mihogo ni yako?"

"Ni yangu."

"Muntu anaweza kuuza chakula chake mu udongo?"

Kapita akainua kichwa. "Nani anaweza kumukataza?"

"Basi nainunua. Yote, mikubwa na midogo, leo, pale ilipo. Sema bei mbele ya mashahidi."

Mwenye Depo alitabasamu, na akasema bei. Bei ile ilikuwa ni namna yake ya kusema hapana. Hata ungepakia shamba nzima mu lori isingefika. Mushahidi mwingine akapiga filimbi na mudomo.

Prof akafungua kitenge. Alikuwa na mikono imara, kidole hakikutetemeka. Akatoa mashini, na waya, na sola, na suri yenye taa nyekundu, akaviweka kimoja kimoja juu ya kitenge, penye jiwe. "Kijana wako aliniomba hii kila siku ya soko, kwa bei inayopita hiyo uliyosema. Kapita alikuwepo."

"Nilikuwepo," kapita akasema.

Mwenye Depo alikuwa ameshataja bei. Hakuna bouton ya kurudi. Akavaa kofia yake, akakunja mashini na vyote mu kitenge, akaondoka polepole nyuma ya pikipiki ya mufanyakazi wake, amekumbatia kitenge, maana Prof alisahau kukiondoa. Mimi niliangalia ile mashini ikienda na nikahisi kama mazishi. Herufi zote ninazozijua zilitoka mule ndani.

Mama wa Prof hakungoja kasiksi. Aliingia mu shamba na kuchuma sombe, mikono yote miwili, bila kuomba muntu. Alichuma mpaka kikapu kikajaa, na akaendelea kuchuma akiiweka mu nguo.

Nilipomumiminia Prof kasiksi, nilijilazimisha kusema. Sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka. "Prof, ile siku uliandika, halafu ukafuta."

Hakujifanya kusahau. "Nilikuwa bado ndani ya shimo, Kimya. Muntu aliye ndani ya shimo akisema usiingie, watu wanafikiri anaficha kitu kizuri kule chini. Na tena," akatoa karata yake ya bulu, akaanza kukwangua matope ku jembe ya mama yake, "niliogopa. Kama ungeacha kusoma kwa sababu yangu?"

"Na Benki?"

"Benki inaendelea. Natuma kidogo kidogo kwa simu, kutoka Itebero nilianza. Itachukua miaka. Lakini Benki haipandi mihogo."

Mama yake akaja na kopo la maziwa. Nikashika muche, na Prof akachimba na mikono pale karibu na jiwe. Kopo tulilipasua, mizizi ilikuwa imejizungusha yenyewe kama nywele zilizosukwa. Papa yangu alisimama juu yetu, glasi mukononi, hanywi. Tulipofukia udongo aliinama na yeye, akakanyaga pembeni na kisigino, taratibu, kama unavyofanya ku muti wa kwako.

Tukashuka. Ku kamuto Papa akauliza: "Ile avoka yetu ya chini, nani aliipanda?"

"Ulisema ni babu."

"Ee. Ni babu."

Tukapanda. Bidon tupu nilikuwa nimeikumbatia. Nilikuwa naona paa ya Depo, inang'aa, inakuja.  Nikasema: "Papa, usiiweke."

Akasimama. "Umesema?"

"Nimesema. Nitasoma. Lakini si na ya chini."

"Na kama si na ya chini, ni na nini?"

 Hata leo ninapoandika sijui. Nilisema tu: "Sijui, Papa. Usiiweke."

 Tukatembea. Mwenye Depo alikuwa ameshafika; mbele ya mulango aliweka viti viwili, kimoja cha Papa na kimoja cha kwangu, hata chupa ya sukari, ile soda, alikuwa ameifungua. Ndani, kijana wake alikuwa anabonyeza mashini bila mupango, na ilikuwa inamulilia.

"Karibuni, karibuni. Viti ni hivi."

"Asante, ndugu," Papa akasema, na akavua kofia kwa heshima. "Tunawahi kutoa mbegu. Kesho tunapanda maharagi kule chini."

Tukapita. Sikugeuka kuangalia viti. Papa alikuwa anakwenda mbele haraka kuliko kawaida yake, na mimi nyuma, na juu ya bidon tupu vidole vyangu vilikuwa vinapiga, vyenyewe, kila herufi mahali pake.